Meza Isiwe Mtego



Majuma machache yaliyopita vijana wa kwetu hapa Bangboka walikusanyika katika ukumbi wa katekesi kwa siku mbili za mafunzo juu ya amani. Mwezeshaji alitoka mjini, mtu msomi na mwenye adabu, na sina ugomvi naye binafsi. Jioni ya siku ya kwanza jenereta liliwashwa, shuka jeupe likatundikwa ukutani, na filamu ikaonyeshwa. Ilikuwa ile ya José Padilha ya mwaka 2018, inayosimulia juma moja la mateka katika uwanja wa ndege wa Entebbe nchini Uganda. Kwa Kifaransa inaitwa Otages à Entebbe. Asubuhi iliyofuata mwezeshaji aliandika ubaoni mafundisho matatu aliyoyatoa katika filamu hiyo, akayaita mbinu za majadiliano. Nunua muda. Watenganishe walio upande wa pili. Usiende mezani bila silaha nyuma ya pazia.

Kijana mmoja niliyemfundisha katekisimu alipokuwa mdogo aliyanakili yote matatu kwa mwandiko safi. Familia yake ilikimbia kutoka Lubunga, ng'ambo ya mto, na kupokewa na ndugu zao hapa kwetu. Jamii yake imemteua awe mmoja wa vijana watakaokaa katika vikao vya upatanisho na jamii ya pili. Alipomaliza kunakili aliinua kichwa, akasema: "Mwalimu, sasa nimeelewa. Kuzungumza ni kumchelewesha adui mpaka wewe uwe tayari." Wenzake wakampigia makofi.

Naandika kwa sababu ya makofi yale. Mafundisho yaliyoandikwa ubaoni pale ni sumu kwa watu wanaokaa kando kando, na mji wetu wa Kisangani ni shahidi wa jambo hilo kuliko miji mingi ya Afrika. Hayafai kufundishwa katika ukumbi ambamo tunafundisha Amri za Mungu. Nitaeleza sababu, na msomaji atanipima.

Tuanze kwa kuitendea haki filamu yenyewe. Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv kwenda Paris ilitekwa baada ya kuondoka Athene. Watekaji walikuwa wanne, Wapalestina wawili na Wajerumani wawili. Ilipitia Benghazi, ikatua Entebbe, na Idi Amin akawapokea watekaji kama wageni. Walidai wafungwa 53 wafunguliwe, wengi wao wakiwa katika magereza ya Israel, la sivyo mateka wangeanza kuuawa tarehe 1 Julai. Filamu inatuonyesha Waziri Mkuu Yitzhak Rabin na Waziri wa Ulinzi Shimon Peres wakivutana: kujadiliana au kutuma askari? Serikali ikatangaza kwamba iko tayari kujadiliana. Muda wa mwisho ukasogezwa hadi tarehe 4 Julai. Usiku wa kuamkia siku hiyo ndege za kijeshi zikatua Entebbe, na mateka zaidi ya mia moja wakaokolewa.

Sitasema kwamba ilikuwa dhambi kumchelewesha mtu aliyeshika bunduki juu ya kichwa cha mtoto. Mzazi yeyote angefanya hivyo, na mafundisho ya Kanisa hayamkatazi mtu kuokoa uhai wa wasio na hatia mbele ya mshambuliaji. Tena mtengeneza filamu mwenyewe hakusherehekea kama mwezeshaji wetu alivyosherehekea. Mwishoni, ushindi ukiisha kupatikana, anamwonyesha Rabin akimwonya Peres kwamba bila kujadiliana vita hivi havitakwisha. Vijana wetu hawakulisikia onyo lile. Walikuwa bado wanazishangilia ndege.

Kosa ni kuichukua hila iliyotumika siku saba dhidi ya watekaji na kuifanya kanuni ya kuzungumza na jirani. Mtekaji hutamwona tena. Jirani utakutana naye kesho sokoni, kisimani na kwenye msiba. Ukimdanganya mezani, itakubidi ukae naye maisha yako yote akiwa mtu aliyewahi kudanganywa nawe.

Sasa tuyachukue mafundisho yale moja baada ya jingine.

La kwanza: nunua muda. Sisi watu wa Kisangani hatuhitaji kwenda Entebbe ili tuone muda ukinunuliwa. Mwaka 1964, mji huu ukiitwa bado Stanleyville, Wasimba waliuteka mwanzoni mwa Agosti. Mwezi Septemba Christophe Gbenye akatangaza hapa serikali yake. Jeshi la serikali ya Leopoldville, likiwa na mamluki wa kizungu, lilipoanza kuukaribia mji, wageni zaidi ya elfu moja walishikwa, na Gbenye akawafanya ngao. Daktari mmisionari wa Marekani, Paul Carlson, aliitwa jasusi, akahukumiwa kufa, na siku ya kumwua ikasogezwa mbele tena na tena. Kila kuahirishwa kulikuwa ni bei: simamisheni jeshi, nami nitaahirisha kifo. Huko nako ni kununua muda, na fedha iliyotumika ilikuwa roho za watu.

Upande wa pili haukuwa safi zaidi. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa umeunda tume juu ya Kongo chini ya Jomo Kenyatta. Tarehe 23 Novemba Thomas Kanza, aliyekuwa akiwawakilisha waasi katika mambo ya nchi za nje, alikaa na balozi wa Marekani nchini Kenya, William Attwood, mbele ya Kenyatta. Kanza alitaka vita visimamishwe. Attwood alitaka kuzungumzia mateka peke yao. Waliondoka bila mapatano. Lakini siku hiyo, walipokuwa wakibishana, askari wa miavuli wa Ubelgiji pamoja na ndege za Marekani walikuwa wamekwisha kufika Kamina. Walitoka Ubelgiji tarehe 17, wakapitia kisiwa cha Ascension. Alfajiri ya tarehe 24 wakaruka juu ya Simi-Simi.

Wasimba waliposikia ndege waliwatoa mateka kutoka hoteli, wakawaketisha barabarani, wakafyatua risasi. Karibu ishirini walikufa papo hapo, na Carlson akiwa mmoja wao. Wengi waliokolewa, nasi tunamshukuru Mungu kwa kila mmoja. Ndege zikawabeba, zikaondoka.

Mama yangu alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili siku ile. Aliziona ndege zikija na aliziona zikienda. Alichosimulia zaidi ni siku zilizofuata, wageni walipokwisha kuondoka na mji ukabaki mikononi mwa wenye kulipiza kisasi. Wanaume walichukuliwa kwa kuwa na kovu la chanjo ya kichawi, au kwa kuonyeshwa kidole na jirani. Mjomba wake alitoka kutafuta chumvi, hakurudi. Wakongo waliouawa katika miezi ile, kwa mikono ya Wasimba na kisha kwa mikono ya waliowafukuza Wasimba, ni maelfu. Ng'ambo ya mto na ndani ya misitu, mateka ambao ndege hazikuwafikia waliuawa pia. Filamu ikitengenezwa juu ya siku ile, nina hakika itaishia kwenye ngazi ya ndege.

Watu watasema hayo ni ya zamani. Basi tuje karibu. Tarehe 31 Desemba 2016, mjini Kinshasa, maaskofu wetu walifanikisha mapatano tunayoyaita ya Saint-Sylvestre. Aliyewaongoza alikuwa Mhashamu Marcel Utembi, Askofu Mkuu wetu wa Kisangani, akiwa Rais wa Baraza la Maaskofu. Iliandikwa kwamba uchaguzi ungefanyika kabla ya mwisho wa mwaka 2017. Maaskofu walikuwa wamekesha, wamesihi, wamebembeleza. Lakini palikuwa na watu waliokuja mezani kwa ajili ya kalenda tu. Kila kikao kilikuwa kwao mwezi mmoja zaidi, na mwezi Machi 2017 maaskofu wakalazimika kuacha kazi ya upatanishi. Uchaguzi ukafanyika tarehe 30 Desemba 2018. Katikati ya tarehe hizo mbili, waamini walei waliotembea na rozari mikononi kudai neno lililotiwa sahihi walipigwa risasi katika barabara za Kinshasa. Neno la Kifaransa tulilolizoea siku zile lilikuwa glissement, yaani kuteleza. Lakini hakuna aliyeteleza kwa bahati mbaya. Palikuwa na mtu aliyemwaga mafuta sakafuni. Ahadi ni deni, wahenga walisema. Na anayenunua muda kwa ahadi asiyokusudia kuitimiza huacha deni lake lilipwe na wengine.

Fundisho la pili: watenganishe walio upande wa pili. Hapa nilimwuliza mwezeshaji, kwa heshima, kama alikumbuka ni nani hasa aliyetumia mbinu hiyo Entebbe. Walikuwa watekaji. Ndio waliowatenga Waisraeli na wengine katika chumba cha pili, wakawaachilia wasio Waisraeli kwa mafungu, tarehe 30 Juni na tarehe 1 Julai. Ilikuwa mbinu ya akili kweli kweli, kwa maana kila anayeachiliwa hupunguza sauti inayolia. Aliyeiharibu alikuwa rubani, Michel Bacos, Mfaransa. Alipoambiwa kwamba yeye na wafanyakazi wa ndege wangeweza kwenda, alikataa, na wenzake wakakataa naye: abiria wote walikuwa dhamana yao, hivyo wangebaki mpaka mwisho. Bacos hakuwa mwanasiasa wala mjuzi wa majadiliano. Alikuwa mlei aliyejua kazi yake. Kama mwezeshaji alitaka mfano wa kuuandika ubaoni, ulikuwa mbele yake katika filamu ile ile.

Nasi tunaijua mbinu ya kutenganisha kwa majina yake ya nyumbani. Mwite mzee mmoja kando umpe bahasha. Mpe kijana mmoja cheo katika kamati. Alika wenye suti kutoka mjini, uwaache wajane walioko kambini. Kisha utangaze kwamba "jamii" imekubali. Asiyekuwapo na lake halipo. Ndiyo maana mapatano mengi ya kwetu husomwa redioni jioni na kuvunjwa kijijini asubuhi: waliotia sahihi si wale walioulilia msiba.

Fundisho la tatu: silaha nyuma ya pazia. Wasomaji wenye umri wangu wataniwia radhi nikiwarudisha kwenye mwezi wa Mei na Juni mwaka 2000. Majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalikuwa yamepigana katika mji wetu mwezi Agosti 1999, yakapigana tena mwanzoni mwa Mei. Kisha tukasikia habari njema. Tarehe 8 Mei wakubwa wao walitoa tamko la pamoja. Tarehe 15 Mei wakatoa jingine. Watasimamisha mapigano, watauacha mji wa Kisangani. Nilikuwa mwalimu kijana. Niliwaambia wanafunzi warudi shuleni na madaftari yao, kwa kuwa wakubwa wameelewana. Nimeungama mambo mengi maishani, lakini siku ile ya kuwaambia watoto warudi bado inanirudia usiku.

Nyuma ya matamko yale mizinga ilibaki imeelekezwa. Tarehe 5 Juni ikaanza kunena, ikanena hadi tarehe 10. Makombora yalianguka kwa maelfu juu ya nyumba, shule na nyumba za sala. Hesabu za raia waliouawa zinatofautiana kati ya 244 na 760. Wengi tuliwazika uani, kwa kuwa njia ya makaburini ilikuwa ya risasi. Tarehe 16 Juni Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1304 na kuyataja kwa tarehe matamko yale mawili yaliyovunjwa. Ilichukua hadi mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuiamuru Uganda kulipa dola milioni 325 kwa ajili ya vita vyake katika nchi yetu, na waliokatwa miguu Kisangani wamezeeka wakingoja. Dieudo Hamadi, mtoto wa mji huu, aliwafuata katika filamu yake ya mwaka 2020, En route pour le milliard, wakishuka mto kwa mashua hadi Kinshasa kudai haki yao. Kama ukumbi wetu unahitaji filamu juu ya majadiliano, hiyo ndiyo ningeichagua: watu wenye magongo, wasio na silaha nyuma ya pazia lolote, wanaosimama mbele ya Bunge na kusema wanachokitaka.

Maandiko Matakatifu hayakutuficha jambo hili. Katika sura ya 34 ya kitabu cha Mwanzo, Shekemu anamtenda Dina uovu, kisha baba yake Hamori anakuja kuzungumza. Wana wa Yakobo wanajibu kwa hila. Wanaweka sharti la tohara, ishara ya agano lenyewe. Wanaume wa mji wanakubali, na siku ya tatu, wakiwa bado katika maumivu, Simeoni na Lawi wanaingia na upanga na kuwaua wote. Hapo zipo mbinu zote tatu: muda ulinunuliwa, adui aligawanywa na udhaifu wa mwili wake, na silaha ilikuwa nyuma ya pazia. Tena pazia lilikuwa dini. Mtu ataniambia kwamba ndugu wale walikuwa na uchungu wa haki kwa ajili ya dada yao. Ni kweli, na ndiyo sababu kisa hiki kinatuhusu, kwa kuwa sisi nasi tuna uchungu wa haki. Lakini Yakobo hakuwapongeza wanawe. Alisema wamemfanya anuke mbele ya wenyeji wa nchi, na hata alipokuwa akifa hakuibariki hasira yao. Na Dina, ambaye yote yalifanywa kwa jina lake, hatusikii neno lake hata moja katika sura nzima.

Turudi Entebbe kuona ni nani hasikiki huko. Filamu inapokwisha, ndege ziko angani. Chini walibaki askari wa Uganda waliouawa kwa makumi. Dora Bloch, bibi mzee aliyekuwa amepelekwa hospitalini Kampala, aliuawa kwa kisasi. Na kwa kuwa Kenya iliziruhusu ndege zile kutua Nairobi, Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda, watu wa kawaida kabisa, waliwindwa na watu wa Amin wakauawa kwa mamia. Hao hawakukaa kwenye meza yoyote. Hawakujua hata kwamba kuna meza. Ndugu zangu, sisi tunaoishi hapa Bangboka tunasikia ndege zikipaa karibu kila siku, na wengi wetu hatujawahi kushika tiketi. Katika filamu za namna hii sisi hatumo ndani ya ndege. Sisi ni wale wanaobaki chini.

Najua nitakavyojibiwa, maana nilijibiwa pale pale ukumbini. "Mwalimu, wewe ni mtu wa sala. Wale wa upande wa pili watatudanganya. Tukienda mikono mitupu tutaliwa." Swali hilo ni la haki, na aliyeuliza alikuwa amepoteza baba. Tangu Februari 2023, ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola katika Lubunga na viunga vyake umeua watu kwa mamia na kuwafukuza maelfu. Siwezi kumjibu yatima huyo kwa neno laini.

Nilimjibu kwamba ukweli si mikono mitupu. Ibrahimu alipoombea Sodoma alianza na hamsini akashuka hadi kumi. Alijadiliana kwa ukakamavu ambao mchuuzi yeyote wa soko letu kuu angeuheshimu. Lakini kila neno lake lilisemwa waziwazi, na alikuwa akiombea watu ambao hawakuwa wa ukoo wake tu. Naye Bwana wetu alisimulia juu ya mfalme mwenye askari elfu kumi anayekaa kwanza na kuhesabu kama ataweza kumkabili mwenye elfu ishirini. Akiona hawezi, hutuma wajumbe wa amani yule angali mbali. Huyo anajua nguvu zake na udhaifu wake. Ujanja wa nyoka tulioagizwa kuwa nao hautenganishwi na unyofu wa njiwa. Hatukuruhusiwa kuchukua nusu ya agizo.

Na wakitudanganya? Someni sura ya 9 ya kitabu cha Yoshua. Wagibeoni walikuja na viatu vilivyochakaa na mikate iliyoota ukungu, wakijifanya watu wa mbali. Waisraeli wakaapa. Siku tatu baadaye wakagundua kwamba ni majirani zao. Walikuwa na kila sababu ya kuvunja kiapo, lakini hawakukivunja. Miaka mingi baadaye Sauli alikivunja, na njaa ikaishika nchi miaka mitatu. Wahenga wetu nao walisema njia ya mwongo ni fupi. Aliyedanganywa akashika neno lake bado ana neno la kulipa kesho. Aliyedanganywa akadanganya naye, wote wawili wamefilisika, na mkutano ujao hauna cha kuanzia.

Papa Yohane wa XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, alifundisha kwamba amani ya kweli haiwezi kukaa juu ya usawa wa silaha. Hukaa juu ya kuaminiana. Mwaka mmoja na nusu baadaye mji wetu ulionyesha hali ya mahali ambapo kuaminiana kumekwisha.

Kwa hiyo nilifuta ubao, nikiomba radhi kwanza, nikaandika mambo manne. Sikuyapata katika filamu. Niliyapata katika miaka ya kukaa kwenye shirika na kusuluhisha magomvi ya mipaka ya mashamba na ya mahari.

Jambo la kwanza, mjumbe aseme siku ya kwanza kile ambacho jamii yake inakitaka na kile ambacho haiwezi kukitoa. Anayeficha dai lake la kweli mpaka siku ya mwisho amewachezea wote. Jambo la pili, kila tarehe itakayowekwa isomwe mbele ya watu wa pande zote mbili, kanisani na sokoni, ili atakayeisogeza aisogeze mbele ya macho yao na kutaja sababu. Jambo la tatu, pasiwe na kikao bila waliofiwa na waliokimbia kuwa ndani ya chumba, wakiwamo wanawake, tena si kwa ajili ya picha. Jambo la nne, mjumbe asitie sahihi neno lolote ambalo hataweza kulisoma kwa sauti mbele ya mama yake na mbele ya mama wa yule wa upande wa pili.

Mwezeshaji alisema kwamba hizo si mbinu, ni maadili. Nilimwambia kwamba mji huu umejaribu mbinu bila maadili tangu mwaka 1964, na makaburi yake ni ripoti ya kutosha. Hakukasirika. Aliniomba ninakili yale manne katika daftari lake, nami nikamnakilia.

Yule kijana naye alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa kulijibu: "Mwalimu, na kama jamii yangu yenyewe imenituma nikanunue muda?" Ukumbi ukanyamaza. Nilimwambia kwamba hapo ndipo majadiliano yake ya kwanza yalipo, nyumbani kwake, na wazee wake, kabla hajavuka mto. Nilimwambia pia kwamba hatakwenda peke yake. Nitakaa naye mbele ya wazee hao.

Ahadi ile nimeiandika hapa makusudi, ndugu wasomaji, ili nami nisiweze kuisogeza tarehe. Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili, tutakuwa kwa wazee wake. Wenye nafasi waje. Wasio na nafasi watuombee, na wale wenye vijana majumbani mwao wawaulize jioni ya leo wamejifunza nini katika filamu wanazozitazama, na ni nani waliyemwona akibaki chini ndege zilipoondoka.